Jinsi ya kuhakikisha mwenyewe kuwa 2147483647 ni namba tasa, kwa simu na daftari tu

Msimu mmoja wa korosho nilikuwa karani wa muda kwenye ghala moja huku Mtwara, kazi yangu kuhesabu magunia yakiingia na yakitoka. Siku moja yakashushwa magunia 113, msimamizi akataka yapangwe mstatili, mistari iliyo sawa sawa, ili asubuhi mtu akija anahesabu upande huu, anahesabu upande ule, anazidisha, kazi imeisha. Vijana wakapanga mistari ya 7, ikatoka mistari 16 na gunia moja likabaki. Wakabomoa, wakapanga ya 8, mistari 14, gunia moja likabaki tena. Wakajaribu ya 9, yakabaki matano. Jasho linawatoka na wameshaanza kuniangalia mimi kwamba nimehesabu vibaya, nikarudia kuhesabu, 113 ile ile. Mpaka mzee mmoja mpakiaji akasema karani, haya hayapangiki, weka moja pembeni tulale. Na kweli yalikuwa hayapangiki, maana 113 ni namba tasa, haina kigawo zaidi ya 1 na yenyewe, mstatili wake pekee ni mstari mmoja mrefu wa gunia moja moja.

Sasa hivi nafundisha tuisheni hesabu kwenye baraza la nyumba, Chikongola, na hii stori huwa nawapa wanafunzi. Kuna binti wa form two akaniuliza, mwalimu, 113 sawa tunapanga tunaona, ila namba ya tarakimu kumi nani ataipanga, si tunaambiwa tu tuamini? Swali lake lilinikaa kichwani wiki nzima. Mi sipendi mtoto aamini hesabu kwa sababu mwalimu kasema. Kwa hiyo tuliichukua namba moja kubwa, tukaifanyia kazi wenyewe jioni tatu mpaka ikaisha, na hapa naandika hatua zote na wewe ufanye.

Namba yenyewe ni 2147483647. Aliyeithibitisha kwanza ni Leonhard Euler, mtu wa Uswisi aliyekuwa anaishi St. Petersburg, mwaka 1772, na kipindi hicho macho yake yalikuwa yamekaribia kupofuka kabisa. Kama yeye aliweza bila kalkuleta, sisi na simu mkononi tunashindwaje.

Vitu vya kuwa navyo: kalkuleta ya kawaida ya simu, daftari lenye kurasa nyingi, penseli na ufutio. Bando huhitaji. Umeme ukikatika unaendelea tu ilimradi simu ina chaji.

Hatua ya 1: ijue namba yako imetoka wapi

Usianze kugawanya hovyo. Namba hii sio ya kuokota, ni 2 imejizidisha mara 31 halafu ukatoa 1. Anza na 1, zidisha mara mbili, zidisha mara mbili, ukifika mara 10 una 1024, mara 16 una 65536 (hii ikariri, ndio itakayobeba kazi yote), mara 20 una 1048576, mara 30 una 1073741824, mara 31 una 2147483648. Toa moja. Ndiyo hiyo.

Namba za aina hii, 2 kwa kipeo fulani toa 1, zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo alivyodhani vinatoa namba tasa. 31 aliiweka na alipatia. Ila aliweka pia 67 na 257, hizo alikosea, na akaruka 61, 89 na 107 ambazo zilikuwa sahihi. Ile ya 67 ilikuja kuvunjwa na Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903, akaonyesha kuwa ni 193707721 mara 761838257287. Nawaambia hivi wanafunzi wangu kwa makusudi, kwamba mtu mwenye jina kubwa alikosea na ikachukua zaidi ya miaka 200 watu kuweka sawa, kwa hiyo kuhakiki sio utovu wa adabu.

Hatua ya 2: maliza vigawo vidogo haraka

Inaishia na 7, basi 2 na 5 zimetoka. Jumlisha tarakimu, 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 unapata 46, haigawanyiki kwa 3, basi na 3 imetoka. Kwa 7 usigawanye, fikiri: 8 ukiigawa kwa 7 inabaki 1, na 2 kwa kipeo cha 30 ni 8 imejizidisha mara 10, kwa hiyo nayo inabaki 1, ukizidisha kwa 2 ili kufika kipeo cha 31 inabaki 2, toa 1, inabaki 1. Gunia moja limebaki pembeni, kama kule ghalani. Jaribu mwenyewe 11, utapata inabaki 1, na 13 inabaki 10.

Huu mtindo wa kufuatilia baki tu badala ya namba nzima ushike vizuri.

Hatua ya 3: jua mwisho wa safari

Kama namba inagawanyika, basi inagawanyika vipande viwili, na kimoja lazima kisizidi kipeuo chake cha pili, maana vyote viwili vikizidi, zao lake litaipita namba yenyewe. 46340 mara 46340 ni 2147395600, bado haijafika. 46341 mara 46341 ni 2147488281, imepitiliza. Basi mpaka wetu ni 46340, ukifika hapo hujakuta kigawo chochote, namba ni tasa, huna haja ya kuendelea.

Lakini namba tasa zilizo chini ya 46340 ni maelfu. Zaidi ya elfu nne. Hapo ndipo wengi wanafunga daftari. Usifunge, hatua inayofuata ndio tamu kuliko zote na ndio iliyonifanya niandike hii.

Hatua ya 4: duara

Chukua namba tasa 23. Andika 1, halafu zidisha kwa 2 kila mara, ikizidi 23 unatoa 23. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, halafu 32 toa 23 ni 9, halafu 18, halafu 13, 3, 6, 12, halafu 24 toa 23 ni 1. Umerudi ulipoanzia! Ni duara, kama watu wameshikana mikono kwenye ngoma, na duara lina watu 11. Maana yake 2 kwa kipeo cha 11 ukigawa kwa 23 inabaki 1, kwa hiyo 2047, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 11 toa 1, inagawanyika kwa 23. Na kweli, 23 mara 89 ni 2047.

Sasa angalia waliobaki nje ya duara. Mabaki ya 23 yasiyo sifuri yako 22, yaani 1 mpaka 22, na 11 yameshaingia kwenye duara la kwanza. Chukua mmoja aliye nje, 5, zidisha kwa 2 vile vile: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, halafu unarudi 5. Duara jingine la watu 11! Maduara mawili ya 11, jumla 22, hakuna aliyekosa nafasi. Na hii sio bahati ya 23 peke yake, kwa namba tasa yoyote isiyo 2 maduara yanakuwa na ukubwa ule ule, kwa sababu duara lolote ni lile la kwanza limezidishwa na namba moja. Kwa hiyo ukubwa wa duara lazima ugawe ile namba tasa toa 1. Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mwanasheria, aliliandika hili kwenye barua mwaka 1640. Tafadhali usisome tu, andika maduara ya 23 kwa mkono wako, halafu fanya ya 89. Yule binti alipoona duara la pili linafunga alisimama kwenye mkeka.

Turudi kwenye yetu. Tuseme kuna namba tasa inayoigawa 2147483647, tuiite P. Basi 2 kwa kipeo cha 31 ukiigawa kwa P inabaki 1, yaani ukizunguka hatua 31 umerudi kwenye 1. Ukubwa wa duara lazima uigawe 31 bila baki. Lakini 31 yenyewe ni tasa, kwa hiyo duara lina watu 31 au 1, na 1 haiwezekani maana 2 sio 1. Basi ni 31. Kwa hiyo 31 inaigawa P toa 1. Tena P ni witiri, kwa hiyo P toa 1 ni shufwa, basi inagawanyika kwa 62.

P lazima iwe 62 mara kitu fulani, jumlisha 1. Nyingine zote futa. 17, 101, 9973, zote futa bila kugawanya hata mara moja!

Kama una wasiwasi ipime kwenye ndugu yake ambayo si tasa. 2 kwa kipeo cha 29 toa 1 ni 536870911, na hii ni 233 mara 1103 mara 2089. Kwa kipeo cha 29 sheria inasema vigawo viwe 58 mara kitu jumlisha 1. 233 ni 58 mara 4 jumlisha 1. 1103 ni 58 mara 19 jumlisha 1. 2089 ni 58 mara 36 jumlisha 1. Zote zimetii.

Hatua ya 5: kata tena nusu

Kuna kichujio kingine. Kama P inaigawa namba yetu, basi 2 kwa kipeo cha 31 inabaki 1, ukizidisha kwa 2, kipeo cha 32 inabaki 2. Na 2 kwa kipeo cha 32 ni 65536 mara 65536. Yaani ukiwa unahesabu kwa mabaki ya P, kuna namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa 2. Hilo haliwezekani kwa kila namba tasa, linawezekana tu kwa zile ambazo ukigawa kwa 8 inabaki 1 au 7. Uthibitisho wa sheria hii ni mrefu siuweki hapa, ila ijaribu: kwa 23, 5 mara 5 ni 25, inabaki 2, na 23 ukigawa kwa 8 inabaki 7, sawa. Kwa 17, 6 mara 6 ni 36, inabaki 2, sawa. Kwa 11 na 13 zungusha namba zote hutapata.

Ukiunganisha sheria hizi mbili P inabakiwa na milango miwili tu: 248 mara kitu jumlisha 1, au 248 mara kitu jumlisha 63. Hii ndiyo njia aliyopita Euler.

Hatua ya 6: orodha na chekeche

Gawa ukurasa safu mbili. Kushoto anza 249 na uwe unaongeza 248: 249, 497, 745, 993, 1241, 1489, 1737, 1985, 2233, 2481, 2729 na kuendelea. Kulia anza 63: 63, 311, 559, 807, 1055, 1303, 1551, 1799, 2047, 2295, 2543 na kuendelea. Kushoto utaishia 46129, kulia 46191. Jumla ni namba 373. Ukikuta mwisho wako sio huo, umekosea kujumlisha mahali, rudi nyuma.

Sasa futa zisizo tasa, maana tunatafuta kigawo tasa. Usigawanye moja moja, tumia mwendo. Kushoto 249 inagawanyika kwa 3, basi kila ya tatu kutoka hapo nayo inagawanyika, 993, 1737, twende. 745 inagawanyika kwa 5, basi kila ya tano kutoka hapo. 497 ni 7 mara 71, basi kila ya saba. Unafanya hivyo kwa 11, 13, 17 mpaka 211, kwa sababu kipeuo cha 46340 ni 215 na kidogo. 2 na 31 ziruke, hizo hazigawi namba yoyote kwenye safu zetu. Ni kazi ya kupitisha unga kwenye chekeche, inachosha mkono lakini haiumizi kichwa.

Nasisitiza jambo moja hapa maana nililipata kwa machungu. Makosa ya hatua hii ni ya aina mbili na hayalingani. Ukiacha namba ambayo sio tasa ikapita, mfano 1799 ambayo inafanana sana na tasa lakini ni 7 mara 257, hujaharibu kitu, utapoteza dakika mbili kuipima. Lakini ukifuta namba tasa kwa kudhani inagawanyika, umeacha shimo, na uthibitisho wako wote umekufa hata kama hujui. Mi nilifuta 2543 jioni ya kwanza kwa kuruka mistari nikihesabu zile za saba, nikaja kuiona baadaye kwa sababu kila inayofutwa nilikuwa naandika pembeni imefutwa na nani, na pembeni ya 2543 palikuwa na 7 wakati 7 mara 363 ni 2541. Kwa hiyo sheria yangu ni hii, ukifuta andika mfutaji, ukiwa na shaka usifute.

Na kuna moja ya kukuonea raha, 2047 ile ile ya kwenye duara imejitokeza safu ya kulia. Hiyo ni 23 mara 89, ifute, na kwa sababu 23 na 89 zenyewe hazipo kwenye milango yetu miwili hatuna deni nazo.

Chekeche likiisha zinabaki namba themanini hivi. Kutoka maelfu manne na zaidi mpaka themanini. Kwa penseli.

Hatua ya 7: pima iliyobaki

Unaweza kuchukua 2147483647 ukaigawa moja kwa moja, ila kalkuleta nyingine zinakata desimali na utajichanganya. Tumia 65536 uliyoikariri. Igawe kwa P, chukua baki, baki lijizidishe lenyewe, gawa tena kwa P, angalia baki la mwisho. Likiwa 2, umepata kigawo na namba yetu sio tasa. Likiwa kingine chochote, P imeshindwa, weka alama ya X, nenda inayofuata.

Kutafuta baki kwenye simu: gawanya, acha desimali, namba nzima zidisha kwa P, toa kwenye ya mwanzo. Twende na 311. 65536 gawa kwa 311 ni 210 na desimali, 210 mara 311 ni 65310, baki 226. Sasa 226 ni kubwa kidogo, ila imepungukiwa 85 tu kufika 311, na ukijizidisha 85 unapata baki lile lile, kwa hiyo tumia ndogo. 85 mara 85 ni 7225. 311 mara 23 ni 7153. Baki 72. Sio 2. X.

1303: 65536 inabaki 386, 386 mara 386 ni 148996, ukigawa kwa 1303 inabaki 454. X.

1489: 65536 inabaki 20, 20 mara 20 ni 400. X. Ukikutana na rahisi kama hii furahi.

2543: inabaki 1961, imepungukiwa 582, 582 mara 582 ni 338724, baki 505. X.

2729: inabaki 40, 40 mara 40 ni 1600. X.

Ukitaka kujihakiki, chukua baki la mwisho, ligawe kwa 2 (likiwa witiri liongezee P kwanza), toa 1, hilo ndilo baki la 2147483647 yenyewe kwa P. Kwa 311: 72 nusu yake 36, toa 1 ni 35. Na kweli 311 mara 6905092 jumlisha 35 ni 2147483647.

Zinazofuata fanya mwenyewe, kumi kwa siku ukichoka, hamna haraka.

Njia fupi ipo, na kwanini hatukuanza nayo

Mtu atasema mbona kuna njia ya Lucas. Ipo, na ni nzuri ajabu. Unaanza na 4, unajizidisha unatoa 2, unachukua baki kwa namba unayoipima, unarudia. Kwa kipeo cha 31 unafanya hivyo mara 29, ukimaliza na sifuri ni tasa, usipopata sifuri sio tasa. Ijaribu kwa 127, ambayo ni kipeo cha 7, unafanya mara 5: 4, halafu 14, halafu 194 inabaki 67, halafu 42, halafu 111, halafu 111 mara 111 toa 2 ni 12319, ambayo ni 127 mara 97 kamili, baki sifuri. Tasa. Ukiipima 2047 mara 9 unaishia na 1736, sio sifuri, na tunajua ni 23 mara 89.

Mfaransa Édouard Lucas kwa njia yake alithibitisha mwaka 1876 kuwa 2 kwa kipeo cha 127 toa 1 ni tasa, namba ya tarakimu 39, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka 1951. Mmarekani Derrick Lehmer aliinyoosha njia hiyo miaka ya 1930 na ndiyo kompyuta zinaitumia mpaka leo. Namba tasa kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136279841 toa 1, ina tarakimu 41024320, aliyeipata anaitwa Luke Durant kupitia mradi wa GIMPS ambao watu wa kawaida wanachangia kompyuta zao. Ukiiandika daftarini tarakimu elfu moja kila ukurasa unahitaji kurasa 41025.

Ila kwa yetu kila hatua ya Lucas inajizidisha namba ya tarakimu mpaka kumi, zinatoka tarakimu mpaka kumi na tisa, kalkuleta ya simu inakata mwisho na baki linaharibika bila kukuambia. Halafu ukimaliza unaambiwa sifuri, sawa, lakini hujaona chochote. Kwenye njia ya Euler unaona kila mlango ukifungwa. Kwa mwanafunzi mi nachagua hiyo.

Ukipumzika katikati, mambo machache ya namba hii

Kwa namba za kompyuta, zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, 2147483647 ni tarakimu 31, zote 1. Ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia kwenye nafasi ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa, ndiyo maana mifumo ya zamani inayohesabu sekunde kuanzia mwanzo wa 1970 itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wakati huku Mtwara jua ndio linachomoza baharini.

Ukiizidisha kwa 1073741824 unapata 2305843008139952128, na hiyo ni namba kamilifu, vigawo vyake vyote ukiondoa yenyewe vikijumlishwa vinairudisha ile ile. 2147483647 yenyewe haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, yaani namba nzima mbili kila moja imejizidisha yenyewe, kwa sababu ukiigawa kwa 4 inabaki 3, wakati mraba wowote unabaki 0 au 1, na viwili hivyo haviwezi kufika 3. Na ukitoa 1 tu, 2147483646, ile namba isiyopangika inapangika kila namna: ni 2 mara 3 mara 3 mara 7 mara 11 mara 31 mara 151 mara 331. Gunia moja tu ndio lilikuwa linazuia.

Hatua ya mwisho: mkia wa orodha

Usilegee mwishoni, watu wengi wanakosea hapa kwa uchovu. Ya mwisho kulia, 46191, jumla ya tarakimu zake ni 21, inagawanyika kwa 3, futa. Ya mwisho kushoto, 46129, hii itakusumbua, utapita 7, 11, 13, utapita mia nzima, haifutiki na kichwa kinakuambia hii ni tasa, mpaka ufike 163: 163 mara 283 ni 46129. Ifute na uandike mfutaji.

Inayofuata kurudi nyuma ni 45943. Tuliipitisha kwa kila mfutaji mpaka 211, haikufutika, ni tasa, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kupimwa. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, watoto wanne wamezunguka simu moja yenye chaji asilimia 9, na binti ndiye aliyeshika penseli. 65536 toa 45943 ni 19593. 19593 mara 19593 ni 383885649. Gawa kwa 45943, namba nzima 8355. 8355 mara 45943 ni 383853765. Akatoa taratibu, tarakimu moja moja, wenzake wanamsomea.

Baki 31884. Akaweka X.